Barua ya Wazi: Malipo ya Dereva wa Teksi Mtandao Yasipangwe na Tishio la Kampuni Kuondoka

Arusha, Desemba 2025

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA)
Waziri wa Uchukuzi
Waziri mwenye dhamana ya kazi
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro

YAH: KIMA CHA CHINI CHA MALIPO KWA MADEREVA WA TEKSI MTANDAO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Arusha, naishi Sakina. Gari ninaloendesha ni la mkataba. Kila jioni kuna hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, na hesabu hiyo haiulizi kama mvua ilinyesha au kama watalii wameisha. Nimeandika hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu nyote kwa pamoja, na kila tunapolipeleka ofisi moja tunaelekezwa nyingine.

Ombi langu ni hili. Wekeni kisheria kiasi cha chini ambacho dereva lazima abaki nacho kwa kila kilomita na kila dakika ya safari, baada ya kampuni kukata chake. Halafu jiandaeni kwa siku ambayo kampuni zitasema zinaondoka, kwa sababu zitasema.

Tumeshalisikia hilo. Machi 2022 LATRA ilitoa amri iliyogusa nauli na kamisheni za teksi mtandao, na kamisheni ikawekewa kikomo cha 15%. Aprili 14 mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini, ikieleza kuwa masharti hayo hayaendani na biashara yake. Agosti Bolt nayo ikabana huduma, ikabaki na wateja wa makampuni. Mazungumzo yakafanyika, na Januari 2023 Uber ikarudi, baada ya kikomo kupandishwa hadi 25% pamoja na ada ya kuweka safari isiyozidi 3%.

Sitaki kuwabeza waliokaa kwenye meza ile. Nawafahamu madereva wa Dar es Salaam waliokuwa na mikopo ya magari wakati huo. Safari zilisimama, marejesho hayakusimama. Wahenga walisema adui muombee njaa, na njaa iliingia kweli. Watu waliokuwa wakilalamikia makato wakaanza kuomba kampuni irudi hata kwa masharti yaleyale. Serikali ilisikia kilio hicho, ikalegeza. Ninachouliza ni kwa nini tuliishia pale. Tangu siku ile, dereva akitaja malipo anajibiwa kwamba kampuni zitaondoka, na mazungumzo yanafungwa kana kwamba jibu limeshatolewa.

Mimi nadhani tulipigania kitu kisichotosha. Asilimia ya kamisheni ni muhimu, lakini haimlishi dereva. Niruhusuni nipige hesabu moja. Namba hizi ni za mfano, na dereva yeyote anaweza kuweka za kwake.

Tuseme abiria anatoka Mnara wa Saa kwenda Moshono, kilomita sita, na simu imeonyesha nauli ya shilingi 4,000. Makato yakifika 28% zinaondoka 1,120, dereva anabaki na 2,880. Lakini gari halikwenda kilomita sita. Lilitoka Ngarenaro kilomita mbili kumfuata abiria, likampeleka sita, kisha likarudi nne tupu hadi mahali ambapo kuna watu wa kubeba. Jumla kilomita 12. Gari dogo lenye afya, tuseme, linakwenda kilomita 15 kwa lita. Tukiiweka petroli kwenye 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, mafuta yamekula 2,400. Zimebaki shilingi 480. Humo ndimo mnatakiwa kutoka bando, oili, tairi, breki, bima, leseni ya usafirishaji, kuosha gari na hesabu ya tajiri. Na kama gari limechoka, linakwenda kilomita 12 kwa lita, basi limekunywa 3,000, na dereva amemchangia abiria nauli kutoka mfukoni mwake.

Sasa turudishe ile kamisheni ya 15%. Dereva anabaki na 3,400, akitoa mafuta ana 1,000. Afadhali. Lakini wiki inayofuata nauli ya safari ileile ikionekana 3,000 kwa sababu kuna ofa, makato ya 15% ni 450, zinabaki 2,550, na baada ya mafuta ni shilingi 150. Kikomo cha kamisheni kimeheshimiwa hadi senti ya mwisho, na dereva hana kitu. Ndiyo maana nasema kipimo kiwe kile kinachobaki mkononi mwake, na kipimwe kwa safari, wala si kwa asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo.

Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko Dar kwa sababu ya safari za uwanja wa ndege. KIA iko kama kilomita 50 kutoka Arusha mjini, na kama 40 kutoka Moshi. Abiria wa ndege ya usiku ananilipa kwenda. Kurudi ni juu yangu. Ukimshusha mtu saa saba ya usiku, kupata wa kurudi naye ni bahati, na mara nyingi unarudi na viti vitupu hadi Usa River, hadi Tengeru, hadi mjini. Nauli inayohesabu kilomita zenye abiria peke yake inachukulia kwamba gari linaota Arusha upya kila baada ya safari. Kisha kuna barabara zenyewe. Nusu ya wateja wa Moshono na Njiro ya ndani wanaishi kwenye njia za mawe na vumbi, na ramani ya simu haijui kwamba kilomita moja ya mawe inaua bushi za gari kuliko kumi za lami.

Mwezi huu wa Desemba mtatuona tunacheka. Ndugu zetu wanarudi Kilimanjaro kwa Krismasi, Moshi inajaa, simu hazipumziki. Njooni mtuone Aprili, masika imeshika, mlimani hakuna wapandaji wengi, na magari yaleyale yamejipanga pembeni mwa barabara yanasubiri safari za shilingi elfu mbili. Tajiri anataka kilekile. Wala sina ugomvi naye, maana tajiri mwenyewe mara nyingi ni mwalimu au muuguzi aliyekopa benki akanunua IST akitegemea hesabu hiyo imlipie mkopo. Hasara inashuka kutoka kwa kampuni, inapita kwa mwenye gari, inatua kwa aliyeshika usukani.

Abiria anadhani jambo hili halimhusu. Linamhusu sana. Kila mtu aliyetumia huduma hii Arusha ameshasikia maneno haya: "Ongeza kidogo nije," au "Kansel, tuelewane." Wengi wanatuona watu wa tamaa. Dereva anayesema hivyo amepiga hesabu niliyoonyesha hapo juu akaona safari hiyo ni hasara. Lakini abiria akighairi kwenye simu na kupanda hivyohivyo, amepanda gari lisilo na kumbukumbu yoyote. Hakuna anayejua alipandia wapi wala alishukia wapi. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hospitali ya Mount Meru aliita gari kwa simu ili asitembee gizani na ili nyumbani wajue yuko na nani. Malipo duni yanamwondolea ulinzi huo, na yeye hakufanya kosa lolote.

Na kuna usingizi. Hili naliandika kwa uchungu. Dereva ambaye safari kumi hazimtoshi atatafuta kumi na tano, na zisipotosha hatalala. Tunajuana sisi wenyewe, nani analala kwenye kiti kituo cha mafuta saa mbili tatu kisha anaosha uso na kuwasha mtandao tena. Huyo ndiye anayekupeleka KIA alfajiri kwenye barabara ya malori. LATRA mnapima spidi ya mabasi kwa mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari, jambo jema lililookoa watu. Uchovu wa dereva wa teksi mtandao nao una chanzo, na chanzo chake ni nauli.

Sasa nirudi kwenye tishio. Nimejitahidi kusoma yaliyotokea kwa wenzetu, kwa sababu kampuni hizi ni zilezile na maneno wanayoyasema Dar es Salaam wameshayasema kwingine.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha jimbo la Minnesota, Marekani, hasa jiji la Minneapolis. Madereva wengi wa kule ni wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, Wasomali kwa wingi, watu wa nchi ambayo leo ni mwanachama wa Jumuiya yetu. Mwaka 2023 walipigania sheria ya kima cha chini hadi ikapita bungeni. Uber ikatangaza kwamba ingeondoka karibu jimbo zima. Mei mwaka huo Gavana Tim Walz akakataa kuisaini. Tishio likashinda, sawasawa na lilivyoshinda kwetu.

Tofauti iko kwenye kilichofuata. Gavana aliunda kamati, na utafiti ukafanywa kwa kumbukumbu halisi za safari. Ripoti ya idara ya kazi ilipotoka Machi 2024 ilionyesha kwamba ili dereva afikie kima cha chini cha Minneapolis baada ya gharama, angehitaji senti 89 za dola kwa maili na senti 49 kwa dakika. Madiwani wa jiji walitaka zaidi: dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Meya Jacob Frey akapinga, madiwani wakampiku kwa kura 10 dhidi ya 3. Kampuni zikatangaza kuondoka Mei 1, kisha zikasogeza hadi Julai 1. Wakati huo kampuni ndogo zikaanza kuomba leseni ili zishike nafasi. Mwishowe, Mei 2024, bunge la jimbo likapitisha sheria ya dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, safari yoyote isipungue dola 5, pamoja na haki ya dereva kukata rufaa akifungiwa. Sheria ikaanza kutumika. Kampuni hazikuondoka.

Nasema wazi kwamba madereva wa kule hawakupata yote. Malipo ya dakika yalishuka kutoka senti 51 hadi 31, na jiji likazuiwa kuweka kiwango chake. Tishio lilipunguza kiasi, lakini halikuweza kuifuta sheria, kwa kuwa safari hii viongozi wa serikali walikaa mezani wakiwa na hesabu zao wenyewe. Sisi tulipita mwaka wetu wa kushindwa, kisha hatukuunda kamati wala hatukupima kitu. Hapo ndipo naona kosa lilipo, na bado linarekebishika.

New York walitangulia. Mamlaka yao ya teksi, TLC, ilikuwa imeshazilazimisha kampuni kukabidhi kumbukumbu za safari, na mwaka 2018 ikawapa wachumi wawili, James Parrott na Michael Reich, wazifanyie kazi. Waligundua kwamba kwa kiwango kilichopendekezwa, 85% ya madereva walikuwa wakilipwa chini yake. Kanuni ikapitishwa Desemba 2018, ikaanza Februari 2019: dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Ninachowaomba mkitazame ni jinsi walivyopiga hesabu. Walikadiria kwamba gari likiwa mtandaoni huwa na abiria 58% tu ya muda. Basi gharama ya maili moja, takriban senti 63, wakaigawanya kwa 0.58, ikawa kama dola 1.09 kwa kila maili yenye abiria. Kwa njia hiyo maili tupu zinalipwa ndani ya maili zenye mtu. Na safari zinazoishia nje ya jiji walizipa kiwango cha juu zaidi, kwa sababu dereva hurudi mtupu. Mtu aliyewahi kurudi kutoka KIA usiku haelezwi zaidi ya hapo.

London hali ni hiyohiyo kwa njia ya mahakama. Februari 19, 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber wanastahili haki za wafanyakazi, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kuwalipa kima cha chini, likizo na pensheni zaidi ya madereva 70,000. Bado iko London. California mwaka 2020 Uber na mshindani wake Lyft zilikaribia kuzima huduma Agosti, kisha zikaungana na kampuni za kupeleka vyakula kutumia zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni ya kura ya Novemba ili sheria ya kuwatambua madereva kama waajiriwa isiwaguse. Anayemwaga fedha kiasi hicho kupigania masharti ya kubaki hakuwa na hamu ya kuondoka.

Wapo walioondoka kweli, sitawaficha. Mei 2016 jiji la Austin, Texas, lilisimamia kanuni ya kuchukua alama za vidole za madereva, na Uber na Lyft wakafunga. Ndani ya miezi michache kampuni nyingine zikaingia, mojawapo ikiwa RideAustin, iliyoendeshwa bila faida. Watu waliendelea kusafiri. Wakubwa wale walirudi Mei 2017 baada ya jimbo kutunga sheria iliyoifuta ile ya jiji. Ninachokiona hapo ni kwamba pengo la soko linazibika kama kuna aliyejiandaa kulizibia, na kwamba ngazi moja ya serikali ikisimama huku nyingine ikilegea, kampuni zitapita kwenye ile iliyolegea.

Na jirani zetu Kenya, mwaka uleule wa 2022, waliweka kikomo cha kamisheni 18%. Kampuni zilipinga. Nairobi hazikuondoka.

Hapo ndipo Arusha ina jambo la kusema kuliko mji mwingine wowote. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Bunge la Afrika Mashariki liko hapa. Tunawapeleka wajumbe hao hotelini kila wanapokutana. Kampuni inaweza kutishia kuiacha Tanzania peke yake, lakini kuziacha Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku moja ni hesabu nyingine kabisa. Siombi nauli iwe moja kuanzia Kampala hadi Mtwara, maana mafuta na maisha havifanani. Naomba nchi hizi zikubaliane kanuni moja ya kukokotoa: gharama halisi, muda halisi, kilomita tupu zihesabiwe. Wabunge wetu, jambo hili liko umbali wa dakika chache kutoka Mnara wa Saa. Anzeni.

LATRA, kwenu naomba kumbukumbu kwanza. Zilazimisheni kampuni zote zenye leseni zikabidhi taarifa za kila safari: kilomita za kumfuata abiria, kilomita za safari, dakika, nauli aliyolipa abiria, kiasi alichopokea dereva. Majina ya abiria hayahitajiki. Bila hayo mtaendelea kubishana na watu ambao wao wanajua kila kitu na ninyi hamjui. Mkishapata, pigeni hesabu kwa mikoa, maana Arusha yenye KIA na vumbi si sawa na Kariakoo.

Kisha kifungeni kima hicho na bei za EWURA. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na mwenye kituo Ngaramtoni anajua usiku huohuo auze kwa bei gani. Hakuna anayesema kampuni za mafuta zitaihama nchi kwa sababu bei imepangwa. Daladala nazo nauli zake mnapanga ninyi, na zinapakia kila asubuhi. Petroli ikipanda, gharama yangu inapanda Jumatano hiyohiyo, ila nauli kwenye simu inaweza kukaa vilevile hadi mtu wa ofisini atakapojisikia. Sehemu ya kima inayotokana na mafuta ipande na ishuke pamoja na tangazo la EWURA. Ikishuka tutashuka, hatuna neno.

Nayajua madhara na sitaki mje mkaambiwa kwamba madereva waliyaficha. Nauli zikipanda, baadhi ya abiria watahamia kwenye bodaboda na bajaji, na safari zitapungua. New York kampuni zilianza kuwafungia madereva nje ya mtandao saa ambazo abiria ni wachache, ili muda wa kusubiri usihesabiwe, na mwaka 2024 malalamiko ya jambo hilo yalikuwa makubwa. Kwa hiyo sheria ikitungwa bila kuzuia ujanja huo, tutalipwa vizuri kwa safari tusizozipata. Wekeni kifungu mapema. Na kima chenyewe kianzie kwenye gharama na riziki ya kawaida. Hatuombi utajiri. Mimi ningechagua safari chache zinazolipa na kurudi nyumbani watoto hawajalala, kuliko safari nyingi za kuchosha gari. Najua wapo wenzangu watakaobisha, hasa vijana wasio na mkataba wa gari, na nao wasikilizwe.

Kuhusu siku ya kuondoka kwenyewe, mpango uwepo kabla ya amri. Mwaka 2022 haukuwepo. Leseni za kampuni za hapa nyumbani zishughulikiwe haraka, ushirika wa madereva ukitaka kuanzisha programu yake upewe njia ya kusajiliwa isiyoumaliza kabla haujazaliwa, na mabenki yaombwe mapema kusogeza marejesho ya magari kwa miezi hiyo. Kampuni iliyo tayari kuondoka itoe notisi ya kutosha kwa masharti ya leseni, isiwe kuamka asubuhi na kukuta simu imenyamaza. Mkiwa na hayo mkononi, tishio linakosa mahali pa kuuma.

Muda nao ni mzuri. AFCON 2027 inakuja, uwanja wa watu takriban 30,000 unajengwa hapa Arusha. Kampuni yoyote ya usafiri inayojua biashara itataka kuwa hapa mwaka huo, na masharti yatakayowekwa kabla ya mashindano yatapokelewa kwa urahisi kuliko yatakayowekwa baada yake.

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi nina mambo mawili. Oktoba mwaka huu Serikali ilitangaza kima kipya cha chini cha sekta binafsi kitakachoanza Januari 2026, wastani wake ukipanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Tulifurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa hotelini, walinzi na wasaidizi wa nyumbani. Dereva wa basi aliyeajiriwa anajikuta kwenye amri hiyo. Sisi hatumo, kwa sababu tunaitwa washirika wa biashara. Lakini kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja dalili za kumtambua mfanyakazi, zikiwemo kuelekezwa namna ya kufanya kazi na kumtegemea mtu mmoja kiuchumi. Nauli sipangi mimi. Safari nikizikataa sana nafungiwa, na aliyenifungia simwoni wala hapokei simu. Siombi leo tuitwe waajiriwa, wengi wetu tunapenda kuwasha na kuzima mtandao tunapotaka. Naomba wizara itoe msimamo wake wa kisheria kwa maandishi, ili tujue tumesimama wapi.

La pili ni Geneva. Juni 2025 Mkutano Mkuu wa Kazi wa Kimataifa uliamua kwamba kazi za kwenye majukwaa ya mtandao zitungiwe mkataba wa kimataifa pamoja na pendekezo lake, na Juni 2026 wajumbe watarudi kuukamilisha. Tanzania itakuwa mezani. Kabla ujumbe haujaondoka, tuitwe tusikilizwe, maana hadi sasa madereva wa Arusha na Moshi ninaozungumza nao hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Tunaomba kikao. Kifanyike Arusha au Moshi, mwezi Februari, kabla masika haijaanza na wakati bado tunaweza kumudu kuacha gari kwa nusu siku. LATRA mkoa, wizara mbili, wabunge, kampuni zenyewe, wenye magari, na abiria pia, hasa wanaosafiri usiku. Sisi tutakuja na simu zetu. Kila safari imo humo, nauli yake, makato yake na kilomita zake, na tuko tayari kumfungulia afisa yeyote atakayetaka kuzinakili. Tukijibiwa kwamba kampuni hazitahudhuria, kikao kiendelee bila wao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa teksi mtandao,
Sakina, Arusha